Godoro Lililosimama Ukutani

Mtu akija dukani kwangu kununua godoro, najua la kumwambia. Alibonyeze, alikalie, na kama hana haya alale kabisa mbele za watu, maana mgongo ni wake. Lakini mtu wa kulipigia godoro makofi kisha akalitegea sikio, sikuwahi kumwona kabla ya Filemoni. Wala sijamwona mwingine tangu siku ile, na namshukuru Mungu.

Ilikuwa Makambako, miaka ile ruksa ya biashara imeshazoeleka, kila mwenye kibaraza ana duka na redio za watu binafsi zimeanza kusikika huku kwetu upepo ukipenda. Mimi Bibie nilikuwa nauza magodoro karibu na stendi, yakinijia kwa malori kutoka Dar es Salaam. Filemoni alikuwa fundi redio wa Njombe, mrefu, mpole, shingo kaitanguliza mbele. Aliingia, akasalimia vizuri tu, akasimama mbele ya godoro la kwanza, akapiga kofi. Pa! Akainamisha kichwa. Akahamia la pili. Pa!

Wateja wakaanza kutazamana.

"Filemoni," nikamwita, "magodoro yangu yamekukosea nini?"

"Nayasikiliza, Mama Fahadi."

"Haya, yamesemaje?"

"Haya mapya yanarudisha sauti. Mimi nataka lisilorudisha. Likishameza, limemeza."

Nikamwambia wa kumeza bila kurudisha ni mume wangu mbele ya sahani ya wali, kwa godoro hiyo si kazi yake. Watu wakacheka, naye akacheka, lakini makofi hakuacha. Ndipo akanieleza. Alikuwa anatengeneza studio nyumbani kwake. Sebule yake kubwa ameigawa kwa ukuta wa mbao, upande mmoja akae yeye na mitambo yake, upande wa pili wakae waimbaji. Mitambo alishapata: deki ya kaseti, mikisa ya mtumba ya kuchanganyia sauti, maikrofoni mbili. Tatizo kuta. Chumba kitupu, sauti inagonga ukuta na kurudi, inagonga na kurudi, mpaka kwaya moja inasikika kama tatu zinazogombana. Kwa hiyo kuta zote lazima zivikwe sponji.

"Na una haraka gani hivyo?" nikamuuliza.

Uso wake ukabadilika. "Mama mkwe," akasema.

Hapo sikuwa na utani tena, maana Mama Telesia nilimjua. Nani hakumjua? Alikuwa mwanzisha nyimbo wa kwaya ya akina mama katika usharika wao wa Kilutheri, na sauti yake ilikuwa ya kukutoa nyumbani. Mimi Mwislamu, lakini siku nikiwa Njombe na mzigo, nikisikia mama yule anaanza, nilikuwa nasimama njiani na mzigo wangu kichwani hadi amalize. Sasa shingoni alikuwa na rovu. Lilianza dogo, watu wakalizoea, likakua mpaka likaanza kumbana pumzi. Hospitali ya misheni wakampangia kupasuliwa, na daktari hakumficha: rovu litatoka, lakini sauti huenda isirudi kama ilivyokuwa. Alitakiwa kulazwa Jumatatu ya wiki inayofuata.

"Ema amelia siku nzima," Filemoni akaniambia. Ema ndiye mke wake, binti wa Telesia. "Anasema watoto wetu watajuaje bibi yao alikuwa nani? Nimemwahidi, mama haendi kwenye kisu kabla sijamnasa."

Magodoro yangu mapya akayakataa yote. Nilichukia kidogo, siwafichi, maana duka ni duka. Nikampeleka kwa mdogo wangu Halfan, mwenye gesti pale stendi, aliyekuwa anabadilisha magodoro ya vyumba vyake. Filemoni akapiga makofi stoo ya Halfan, uso ukang'aa.

"Haya ndiyo! Yameshalaliwa, yamelainika. Mama Fahadi, sponji ikishakunywa usingizi wa watu, sauti haiishindi."

"Hayo yamekunywa usingizi wa madereva wa Tanzania na Zambia nzima," nikamwambia. "Anika kwanza, usije ukarekodi na kunguni."

Akayaanika uani kwake juani, jirani mmoja akaja kuulizia bei ya chumba. Kisha akayakata, akayabandika kwa gundi ya viatu. Kuta za matofali zote akazimaliza, na darini pia, mpaka bati likanyamaza. Ukabaki ukuta mmoja, ule wa mbao uliotenga chumba na sebule. Huo, kwa maelezo yake, ndio ukuta mkuu, kwa sababu mwimbaji anauelekea. Unahitaji godoro bora kuliko yote. Akapita nyumba nzima akipiga makofi. Na godoro lililomeza vizuri kuliko yote, jamani, akalikuta chumbani kwake. Lile analolalia na Ema.

Ema aligomba. Njombe, mwezi wa Julai, asubuhi majani yamekuwa meupe kwa baridi, mtu akwambie ulale kwenye mkeka kwa ajili ya kwaya! Lakini ni kwa ajili ya mama yake, angesemaje? Akatoa sharti moja tu: hakuna kupaka gundi. Filemoni akalivua foronya, akalisimamisha ukutani, akalipigilia misumari kwenye mbao, kila msumari akiupitisha kwanza kwenye kizibo cha soda ili kichwa chake kisizame kwenye sponji na kupitiliza. Godoro likasimama pale limejaa vizibo kama kifua cha mwanajeshi mstaafu.

Ema naye akaniletea ujumbe kwa dereva wa basi: Dada Bibie, niletee godoro jipya, baridi itaniua. Ndiyo maana Jumamosi ile, siku ya kurekodi, nilikuwa Njombe. Nilikuja na godoro juu ya pikapu, nikijua nitalishusha, nitakunywa chai, nitaondoka.

Sasa kabla sijaendelea, mtu wa mbali lazima aelewe jambo moja. Kila nyumba ina miiko yake, na kwa Mama Telesia walishika ya zamani kuliko majirani. Mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawatazamani usoni. Hawashikani mikono. Wakiwa na la kusema, wanampitishia mtu mwingine, hata kama wamekaa chumba kimoja. Kuhusu kitanda ndiyo usiseme: mama mkwe hagusi kitanda cha mkwe wake, hakikalii, na chumba chenye kitanda hicho haingii.

Nilipofika sebule imejaa akina mama wa kwaya, wamejifunga mablanketi na masweta, wanapasha koo kwa chai ya tangawizi. Mama Telesia amekaa karibu na mlango, kitenge amekizungusha shingoni kuficha rovu. Filemoni yuko dirishani, amemgeuzia mgongo kwa heshima.

"Kamwene, Bibie!" mama akanisalimia, sauti yake ikatikisa kikombe kwenye sahani. Kisha, "Ema, mwambie mkwe wangu tuko tayari."

Filemoni hatua tatu tu kutoka pale, na sauti ile ilisikika hadi sokoni. Lakini Ema akageuka. "Baba Jasmine, mama anasema wako tayari."

"Mwambie mama aingie tu, chumba kiko tayari."

"Mama, anasema uingie, kiko tayari."

Mimi nikainamia kikombe changu nisicheke. Ema kazi alikuwa nayo.

Mama Telesia akaingia wa kwanza, sisi nyuma yake. Kusema kweli chumba kile kilikuwa cha ajabu. Ukiongea, neno linafia mdomoni. Mama akatazama kuta, akatazama darini, akatikisa kichwa kwa kukubali. Kisha akageukia ukuta wa mbao.

Mimi biashara yangu ni magodoro, na nilichokiona nilikielewa papo hapo. Lile godoro lilikuwa na mabonde mawili. Moja refu jembamba, la pili fupi pana, na katikati kituta kama cha viazi. Sehemu moja, upande wa kati, kituta chenyewe kilikuwa kimesawazishwa kabisa. Filemoni mrefu mwembamba. Ema mfupi, ana mwili wake. Hata mtoto mdogo angepata jibu.

"Ema," mama akasema polepole, "hili lililaliwa na nani?"

Ema akatazama sakafu. Sakafu haikumsaidia.

"Ema. Nimekuuliza."

"Mama... ndilo linalomeza vizuri."

Loo! Mama Telesia akajifunika uso kwa kitenge, akatoka kinyumenyume, akina mama wakimpisha huku na huku, wengine wameshaelewa, wengine wanauliza "Kuna nini? Kuna nyoka?" Akakaa sebuleni, akafunga macho. Filemoni, masikini, alikuwa amejibanza kwenye kona ya dirisha uso umemwiva kwa aibu, nadhani angepata nafasi angepita kwenye kioo.

"Mwambie mkwe wangu," mama akasema, na mara hii sauti ilikuwa na machozi, "ameniingiza kitandani kwake mbele ya kwaya nzima."

Ema hakuweza kulisema hilo. Halikuwa na haja ya kusemwa.

Fidelia, mwenyekiti wa kwaya, akashauri godoro litolewe tu, yaishe. Litolewe lipite wapi? Chumba kile kina mlango mmoja, nao unatokea sebuleni. Filemoni abebe kitanda chake na kukipitisha mbele ya mama mkwe? "Na hata likitoka," mama akasema, "mimi nimeshaliona. Chumba hicho siingii."

Chai ikapoa. Kesho yake ilikuwa Jumapili, ibada na wageni wa kuaga, na Jumatatu ni hospitali. Ema akaanza kulia kimya kimya, na mimi uchungu ukanipanda hadi hasira. Nikamfuata Filemoni pale dirishani.

"Wewe mtu mzima! Tanzania nzima imejaa magodoro, ukachagua hilo?"

"Mama Fahadi, lilikuwa linameza," akasema. Machozi yalikuwa yanamlenga.

"Limemeza, sasa limemeza na sauti ya mama! Hebu niambie, mama yako mkwe anakatazwa kukaa sebuleni?"

"Hapana."

"Na wewe unakatazwa kukaa na kitanda chako mwenyewe?"

Akanitazama. Kisha akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto, akaanza kuchomoa nyaya.

Basi wakabadilishana. Mitambo ikahamia chumba cha magodoro, waimbaji wakabaki sebuleni. Filemoni akapiga kofi sebuleni, sauti ikaruka saruji, ikaruka bati, ikarudi imechoka. Akashika kichwa. Fidelia akasema, "Si mnataka vitu vinene ukutani? Sisi ni nini?" Akawapanga akina mama kuzunguka kuta zote bega kwa bega, na mablanketi yao na masweta yao, na wale wenye mwili akawaweka kwenye kona. Bado nyuma ya Mama Telesia kulikuwa kutupu. Godoro langu jipya likaingizwa, nikalivua nailoni kwa mikono yangu, likasimamishwa pale. Limetoka dukani leo, halijalaliwa na mtu. Filemoni akalipiga kofi, akakunja uso.

"Linarudisha kidogo," akasema.

"Filemoni!"

"Linafaa, linafaa."

Akaingia chumba cha magodoro, akafunga mlango, akavaa hedifoni. Ikawa kazi ya Ema kukimbia. Mwambie mama asogee nyuma. Mama, usogee nyuma. Mwambie mkwe wangu hapa panatosha? Mwambie mama panatosha, ila wa kwenye kona aache kukohoa. Ema jasho linamtoka Njombe mwezi wa saba.

Kisha mama akakifungua kitenge shingoni. Akakiweka kitini. Rovu likaonekana lote, wala hakujali. Akaanza.

Sitawaeleza alivyoimba, kwa sababu sina maneno, na mimi maneno hayanipungukiagi. Najua tu kwamba kila alipovuta pumzi niliisikia inavyopita kwa shida pale kwenye rovu, halafu inatoka upande wa pili imekuwa wimbo. Kwaya ikampokea. Fidelia alikuwa analia huku anaimba na hakukosea hata neno.

Walipomaliza kaseti yote, mlango ukafunguka kidogo. Filemoni akasimama ameangalia chini, macho mekundu.

"Gundi," akasema. "Ile gundi ya viatu ni kali sana."

"Ndiyo, ni kali," nikamjibu. Mkwe yule tangu aoe hakuwahi kumtazama mama usoni, hakuwahi kuambiwa naye zaidi ya maneno ya kupitishiwa. Na sasa amekaa na pumzi yake masikioni asubuhi nzima, amesikia hadi anavyomeza mate. Nilimwelewa.

Sasa akina mama wanakusanya vikombe, mtu kalilaza lile godoro langu sakafuni ili apishe njia. Mama Telesia alikuwa amechoka. Kabla mtu hajasema kitu, akaketi. Juu ya lile godoro jipya la Ema. Akakaa vizuri, akanyoosha miguu.

Ema akajishika mdomo.

Akatazama alipokaa. Akatutazama. "Mwambie mkwe wangu anisamehe," akasema, "lakini ni laini."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Kwa miiko ileile, kitanda cha mama mkwe nacho mkwe hakilalii! Godoro likapata mwenyewe. Jumatatu likapakiwa kwenye gari pamoja naye, likaenda hospitali, na Ema akarudi kwenye mkeka wake.

Upasuaji ulikwenda salama. Niliporudi Njombe na mzigo, Mama Telesia alikuwa ameshatoka, anapumzika kwa binti yake, shingo nyembamba yenye kovu. Nilimkuta sebuleni anaota jua la dirishani. Filemoni yuko chumbani kwake na mitambo, mlango amefunga kwa heshima.

"Kamwene, Mama!" nikasema.

Akafungua mdomo. Niliona midomo inasema jina langu. Kilichotoka kilikuwa hewa tu, mkwaruzo kama wa ufagio. Nikamkumbatia.

Akamnong'oneza Ema. Ema akaenda mlangoni. "Baba Jasmine, mama anaomba umwekee ile kaseti."

Ikawekwa. Sauti ikajaa nyumba. Alikaa ameshika kovu lake, akisikiliza kama watu wanavyomsikiliza mgeni, mpaka kaseti ikafika mwisho na deki ikajizima yenyewe. Kisha akasema kitu, akiutazama ukuta wa mbao. Zamani maneno yake yalikuwa yanavuka ukuta ule yenyewe, na Ema alikuwa anayarudia kwa adabu tu. Sasa hayakuvuka hata meza.

"Mama anasemaje?" Filemoni akauliza kutoka ndani.

Ema akajaribu. Akaishia kulia.

"Ema, mama anasemaje? Sisikii!"

Hakuna aliyemjibu. Mimi niliyekaa karibu nilisikia, lakini si langu kulibeba. Halafu ndani tukasikia chuma kinakwaruza mbao. Kizibo cha soda kikaanguka sakafuni, tii. Kingine. Vikaanza kumwagika vingi pamoja, na sponji ikachanika kwa sauti, na godoro likaanguka upande ule kwa kishindo. Mwanga wa taa ya chumbani mle ukapenya kwenye nyufa za mbao. Nyuma ya nyufa tukaona kivuli cha Filemoni, ameweka sikio ukutani.

"Mwambie mama aseme tena," akasema.

Mama akainuka, akaenda hadi ukutani, akausogelea ubao ule kwa mdomo, akageuza uso pembeni kama desturi inavyotaka.

"Mwambie mkwe wangu," akanong'ona, "ile ya kwenye kaseti ndiyo yangu. Hii nimeazimwa tu."

Ema hakusema kitu. Safari hii hapakuwa na haja.

"Mwambie mama," Filemoni akajibu, sauti yake yenyewe inakatika, "na hii naitaka."

Mama Telesia alisimama pale mkono juu ya mbao kwa muda mrefu. Nilitoka uani nikajifanya nakagua matairi ya pikapu.

Lile godoro lao la zamani Ema alilirudisha kitandani jioni ileile. Alivyoniambia, lina matundu ya misumari kila mahali, na baridi inapita humo, lakini mabonde yao wameyakuta mahali pake. Studio ya Filemoni iliendelea, kwaya za Wanging'ombe na Makete zinakuja, na kila kaseti yake kuna mahali utasikia mtu anakohoa sebuleni, au kijiko kinagonga kikombe. Wateja wakilalamika anawaomba radhi, anawapunguzia. Nimemletea sponji mpya mara mbili, nzuri, laini, nikampa bure kabisa. Amezipokea, amezibandika darini. Ukuta wa mbao hataki kuugusa.